Kukaribishwa Ni Kupewa Zamu

Watu wa nje wakisikia kwamba ipo jamaa ya Waislamu ambamo wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia wanaswali bega kwa bega na wengine, huuliza swali moja: mnawaruhusu? Nimeulizwa hivyo na masheikh, na majirani, na hata vijana wenyewe kabla hawajathubutu kuingia. Kila mwaka swali hilo linazidi kuwa dogo machoni pangu. Ruhusa ni jambo la mlangoni. Mtu akishavuka mlango ana Ijumaa baada ya Ijumaa mbele yake, ana maradhi, ana madeni, ana mzazi anayezeeka, na ana kifo chake kinachomngoja, na hayo yote yanataka watu. Swali linalotushughulisha sisi tuliomo ndani ni jingine: Ijumaa ijayo nani ataadhini?

Jamaa yetu haina jengo. Tunaswali katika kumbi za kukodi na majumbani mwa watu, na mahali hubadilika. Wamo wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Wamo walioitwa wavulana walipozaliwa na leo ni wanawake, na wengine kinyume chake. Wamo waliosilimu ukubwani wakakataliwa na ndugu zao, kisha wakafika msikitini wakachekwa kwa matamshi yao ya Alhamdu. Wamo viziwi. Yumo mama aliyeachwa na mume, na mtaa mzima ukamwacha pamoja na mume. Wamo pia mke na mume na watoto wao, waliokuja kwa sababu mke alichoka kusikiliza hutuba kupitia kipaza sauti kwenye chumba cha nyuma. Mimi ni bibi mwenye wajukuu. Kazi niliyoifanya muda mrefu ni kuosha maiti za wanawake. Niliingia humu nikimfuata mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe, siku aliponiambia: “Mama mkubwa, nimepata mahali pa kuswali.”

Sentensi yake ile ilinifundisha jambo ambalo nimeliona tena na tena kwa wengine. Wengi wanaotujia hawakuacha dini. Waliacha msikiti. Wameswali chumbani peke yao miaka na miaka, wamefunga, wametoa zaka, na baadhi yao wamehifadhi Qur'ani juzuu nyingi kuliko maimamu waliowafukuza. Kilichokatika ni ule uzi wa kuwa na wenzao. Ndiyo maana mtu wa namna hii akiingia, hataki sana kusikia hutuba inayomhusu. Anataka kusikia hutuba ya subira, ya haki za jirani, ya kuchungwa kwa ulimi, kama Mwislamu mwingine yeyote. Wenyeji wapya huwa hawalielewi hili. Humpokea mgeni kwa kumweleza jinsi walivyo tayari kumpokea, naye anabaki ameketi pale kama mada ya mazungumzo.

Nikumbuke kijana mmoja. Alikuwa muadhini tangu utotoni, sauti yake ilijulikana, mpaka maneno yalipoanza kuzagaa juu yake na mwalimu wake akamwambia asikaribie tena kipaza sauti. Alipokuja kwetu alikaa safu ya mwisho karibu na mlango. Watu walimkumbatia, wakamwambia yuko nyumbani, wakamuuliza kisa chake. Kila wiki alizidi kukaa karibu na mlango. Mchana mmoja anayeadhini alichelewa, wakati umeingia, na mzee mmoja ambaye hakujua lolote juu yake akamgeukia: “Ustadh, hebu simama utuitie sala.” Akasimama. Ijumaa iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika na ndiye aliyetandika mikeka. Kukumbatiwa kote kule hakukufanya kilichofanywa na neno moja la kutumwa kazi.

Baada ya hapo tukaanza kuandika zamu: adhana, iqama, hutuba, kutandika, kupokea wageni, kutembelea wagonjwa, kukusanya sadaka. Aliyekuja mara chache tu huulizwa ataandikwa wapi. Akisema hayuko tayari, haandikwi, wala hasumbuliwi, lakini wiki nyingine anaulizwa tena.

Sisi hatukulizua jambo hili. Sura ya 80 ya Qur'ani, Abasa, iliteremka juu ya Ibn Ummi Maktum, kipofu aliyemjia Mtume (S.A.W.) wakati alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makka, na Mtume akakunja uso. Aya zile husomwa mara nyingi kama somo la adabu kwa mlemavu, na watu wakaishia hapo. Lakini tazama kilichokuja baadaye. Ibn Ummi Maktum akawa mmoja wa waadhini wa Madina. Kuna hadithi sahihi ambayo Mtume aliwaambia watu kwamba Bilal huadhini usiku, basi kuleni na kunyweni mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Funga ya mji mzima ilisimama juu ya sauti ya mtu asiyeona alfajiri kwa macho yake. Na Mtume alipotoka safarini na jeshi, zaidi ya mara moja alimwachia yeye Madina. Huko ndiko kukaribishwa ninakokusema: jamaa ilimhitaji, na ilijua kwamba inamhitaji.

Na yuko yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina, ambaye katika mapokezi mengi anatajwa kuwa mwanamke mweusi. Alipofariki, masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume akamkosa, akauliza, akalalamika kwamba hawakumwambia, akaomba aonyeshwe kaburi na akamswalia pale pale. Huwa nawauliza wanaotaka kuanzisha jamaa kama yetu: je, mtu wenu huyu akikosekana wiki mbili, yupo atakayejua? Kama jibu ni hapana, basi bado hajaingia, hata kama kila Ijumaa mnamwona.

Zipo jamaa duniani zilizotutangulia, na tumejifunza kwazo. Huko Toronto, tangu 2009, El-Tawhid Juma Circle wameswali Ijumaa bila kutenganisha wanaume na wanawake, na adhana, hutuba na uimamu huzunguka miongoni mwa watu wenyewe. Huko London, Inclusive Mosque Initiative ilianza 2012 bila jengo lake, ikihama kutoka ukumbi hadi ukumbi, na ikayapa uzito mambo ya ulemavu sawa na mambo ya jinsia. Huko Cape Town, katika Msikiti wa Claremont Main Road, Amina Wadud, mwanazuoni Mwislamu wa Marekani, alizungumza mbele ya waumini siku ya Ijumaa mwaka 1994, na tarehe 18 Machi 2005 akawa imamu wa sala ya Ijumaa ya wanaume na wanawake jijini New York. Sala ile ilifanyika katika jengo la kanisa kwa sababu misikiti ilikataa kuipokea. Wapo wanaoudhika kuliko wanavyoweza kueleza wakisikia habari hiyo. Mimi nilipoisikia nilifikiria kitu kimoja tu: watu wale walihitaji mahali pa kuweka vipaji vyao vya nyuso chini, wakapapata mahali ambapo hawakupatarajia.

Suala la safu ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi. Mahali pengi safu ya wanaume iko mbele na ya wanawake nyuma, na mtu aliyebadili jinsia anasimama kwenye korido akijiuliza aende wapi. Kule Yogyakarta, Indonesia, wanawake wa aina hii, wanaoitwa waria, walianzisha mwaka 2008 chuo chao cha Qur'ani, Al-Fatah, wapate pa kuswali na kusoma bila kusukumwa huku na huku. Huko kwao wenyewe huamua: anayetaka kuvaa sarong ya kiume anavaa, anayetaka mukena, vazi la kike la kuswalia, anavaa.

Sisi tulikwenda kwanza kwenye vitabu vya fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, na nilichokikuta humo kimenipa nguvu mpaka leo. Mafaqihi wa zamani, wa madhehebu ya Shafii wakiwemo, walipopanga safu hawakusahau khuntha, yaani mtu ambaye mwili wake haukuonyesha wazi kuwa ni wa kiume au wa kike. Walipanga wanaume, kisha wavulana, kisha makhuntha, kisha wanawake. Wakawaandikia hukumu za mirathi, za kuoshwa, za ushahidi. Najua khuntha wa vitabuni si sawa na kila mtu ninayemzungumzia hapa, na sitaki kuwavisha wanazuoni maneno ambayo hawakuyasema. Ninachosema ni kwamba walipokabiliwa na mtu ambaye hakuingia katika safu mbili, jawabu lao lilikuwa kumtafutia safu. Hakuna ninapokumbuka kusoma kwamba abaki nje.

Kwetu leo kuna upande wa wanaotaka kusimama na wanawake tu, upande wa wanaotaka kusimama na wanaume tu, na katikati wanasimama wote wasiojali. Kila mtu huchagua na hakuna anayeuliza sababu. Mabibi wa rika langu wengi husimama upande wa wanawake, nami ni mmoja wao, kwa kuwa nimezoea hivyo na moyo unatulia.

Lazima niseme pia jambo linalouma. Mtu kuonewa hakumfanyi aache kuonea. Mara ya kwanza mwanamke alipoandikwa zamu ya hutuba, waliotoka nje ya ukumbi walikuwa wanaume watatu wanaopenda wanaume. Walisema wamevumilia mengi lakini hilo hapana. Nimewasikia wapenzi wa jinsia moja wakiwacheka waliobadili jinsia, na wenye kazi nzuri wakiwakwepa wanaokuja na kandambili zilizokatika. Nimemsikia aliyezaliwa katika Uislamu akimsahihisha aliyesilimu mbele za watu kwa sauti ya kumdhalilisha. Aya ya 11 ya Sura Al-Hujurat inakataza kaumu moja kuidharau nyingine, huenda hao wanaodharauliwa wakawa bora, na kisha inarudia makatazo hayo kwa wanawake mahususi, kana kwamba Mwenyezi Mungu alijua kila kundi litajiona kuwa limesamehewa. Tunaisoma aya hiyo mara kwa mara. Wale watatu, wawili walirudi. Mmoja wao sasa ndiye anayempokea khatibu wa kike maji na karatasi zake. Wa tatu tunaendelea kumpigia simu siku za Idi.

Viziwi walitufundisha mengine. Walikuja wawili, mke na mume, na kwa muda walikuwa wakitazama migongo ya watu tu. Mmoja wa vijana wetu alijifunza lugha ya alama ili afasiri hutuba, na hapo ndipo tulipogundua kwamba mfasiri lazima asimame karibu na khatibu, kwenye mwanga, na kwamba khatibu lazima apunguze kasi. Tukaanza kumulika taa sala inapokimiwa. Mahali pa kutawadhia penye ngazi tukapaacha, hata kama kodi yake ilikuwa nafuu. Nawaambia wenzetu wanaojivunia moyo mpana kwa wapenzi wa jinsia moja ilhali wanaswali ghorofani mahali ambapo kiti cha magurudumu hakifiki: anzeni na ngazi. Hakuna mzozo wa kielimu juu ya ngazi.

Juu ya mengine mzozo upo, nami siufichi. Wengi wa maulamaa, wa zamani na wa sasa, wanasema tendo baina ya watu wa jinsia moja ni haramu. Wapo wachache, wakiwemo wanazuoni ambao wenyewe ni wapenzi wa jinsia moja, wanaosoma kisa cha kaumu ya Lut kuwa kinahusu kubaka, kunyang'anya wageni na kumkanusha nabii wao, na kwamba hakiwahusu wawili wanaopendana kwa ridhaa. Katika jamaa yetu wamo wa kauli zote mbili. Yupo mpwa wangu, aliyesoma na kuridhika na kauli ya pili. Yupo mwingine anayempenda mwanamume na hata hivyo anaamini ni haramu kwake, na ameamua kuishi peke yake. Wote wawili wanapewa zamu ya hutuba. Tulikubaliana kwamba mimbari haitatumika kumshinikiza mmoja awe kama mwenzake, na yeyote anayetaka mjadala anafanya darasa siku nyingine, mahali ambapo anayetaka anakuja na asiyetaka anabaki kwake.

Kauli yangu mimi? Kuna haki za Mwislamu juu ya Mwislamu ambazo hadithi imezihesabu: kuitika salamu, kumtembelea mgonjwa, kulifuata jeneza, kuitikia mwaliko, kumwombea anayepiga chafya. Sikuona popote kwamba haki hizo zinasubiri mpaka tumalize kubishana. Mtu anayengoja mzozo wa fiqhi uishe ndipo aende kumtazama mgonjwa hospitali, mgonjwa atakuwa amekwisha kuzikwa. Ukinilazimisha nichague baina ya kuwa na hakika juu ya dhambi ya mwenzangu na kuwa na hakika kwamba nimetimiza haki yake juu yangu, nitachagua la pili, kwa maana hilo ndilo nitakaloulizwa mimi.

Sasa habari ya janaza, ambayo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Tulikuwa na dada mmoja aliyekuwa mweka hazina wetu. Karatasi zake zilisema ni mwanamume. Aliishi akiwa mwanamke miaka mingi, watoto wa jamaa walimwita shangazi. Akaugua muda mfupi, akafariki. Ndugu zake wakaja kumchukua, na kwa hilo tuliwashukuru, maana wapo wasiokuja. Lakini ilipofika wakati wa kuosha, kazi ikasimama. Wanaume wa familia walipoelezwa habari za mwili wake walisema hawagusi. Wanawake walisema karatasi zinasema mwanamume, hawawezi. Maiti imelala, saa zinakwenda, na sote tunajua kwamba maiti ni wa kuharakishwa.

Mama yake alikuwa amekaa pembeni, hakusema neno. Nikaenda nikakaa karibu naye. Nikamwambia, “Mwenzangu, mimi ni mwoshaji. Nikisema mwanao ni mwanamke, watasema nimevuka mpaka. Wewe huna mpaka huo. Mama ni maharimu wa mwanawe, ni damu yake asiyeweza kuoana naye, awe wa kiume au wa kike.” Akanitazama kwa muda. Wanafamilia wakaanza kusema, mmoja wao ana elimu, akataja kwamba vitabu vina njia nyingine pia: asipopatikana maharimu, huoshwa juu ya nguo, au hutayamamiwa, yaani hupakwa udongo safi badala ya maji. Nikamwambia ni kweli, Mungu amlipe, lakini maharimu yupo, ameketi hapa.

Yule mama akasimama akakunja mikono ya nguo yake. Mimi nilikaa upande wa pili wa pazia nikimimina maji na kumwelekeza: funika kutoka kitovuni mpaka magotini na usiondoe, vaa kitambaa mkononi, anza na kuliani, anza na viungo vya udhu. Maji yenye majani ya mkunazi, kisha maji safi, ya mwisho yenye karafuu maiti. Alifanya yote taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Tulipofika kwenye sanda nikamuuliza kwa sauti ya chini ni nguo ngapi, kwa sababu mwanamume huvikwa tatu na mwanamke huvikwa tano, na sikutaka kumwamulia. Akasema, “Tano.” Akasema tena kwa sauti, ili walioko nje wasikie.

Imamu wetu naye alikuwa na swali lake. Katika janaza imamu husimama usawa wa kichwa cha mwanamume, na usawa wa kiuno cha mwanamke, na dua nayo hubadilika. Hakuwauliza waliokuwa wakibishana. Alimuuliza mama, na akasimama mama alipomwambia asimame. Wanaume wa familia waliswali nyuma yake. Sijui mioyoni mwao walinuia nini, wala si juu yangu kujua. Mtume aliwahi kumuuliza sahaba wake Usama bin Zaid kama aliupasua moyo wa mtu akaona kilichomo, na tangu niliposoma hadithi hiyo nimejizuia kupasua ya wengine.

Tangu siku ile kila aliye katika jamaa yetu anashauriwa kuandika wasia akiwa mzima. Wasia wa mali haunihusu. Ninachowaomba waandike ni nani awaoshe, nani awaswalie, waitwe jina gani, na nani kati ya ndugu aitwe kwanza. Unatiwa saini na mashahidi, nakala moja inabaki kwa mtu anayeaminiwa. Vijana huona vigumu kukaa kuandika kifo chao. Nikiwaambia habari ya yule mama, huandika. Na tumeanza kufundisha uoshaji, kwa zamu, wanawake na wanaume na wale ambao hawasemi ni lipi kati ya hayo. Anayejua kuosha maiti hawezi kufukuzwa kirahisi mahali popote. Baadhi yao wamerudi kwenye misikiti yao ya zamani na kuhudumu huko, na wale wale waliowanong'ona sasa huwapigia simu usiku wa manane.

Nisiseme haya bila kutaja hofu, maana msomaji anayetaka kuanzisha jamaa ya namna hii anastahili kujua. Tarehe 15 Februari 2025, Imamu Muhsin Hendricks alipigwa risasi akauawa karibu na Gqeberha, Afrika Kusini. Ndiye aliyejitokeza hadharani mwaka 1996 kuwa ni imamu na ni mpenzi wa jinsia moja, na aliyeongoza Masjidul Ghurbaah huko Cape Town kwa ajili ya watu waliokosa msikiti. Habari ilipotufikia, tulikuwa na sala siku chache mbele. Tulikaa tukajadili kama tuahirishe. Waliosema tuahirishe hawakuwa waoga. Mwishowe tuliswali, kwa idadi ndogo, tukamsomea hitima. Kile chuo cha Yogyakarta nacho kilifungwa kwa vitisho mwaka 2016, na baadaye wenyewe wakakirudisha taratibu, bila kelele.

Kwa hiyo tuna taratibu zetu. Mahali pa sala mtu huambiwa na mtu anayemjua, hapatangazwi. Hakuna picha. Simu hukaa kwenye kikapu isipokuwa ya mwenye mgonjwa au mtoto mdogo. Hakuna anayeulizwa anampenda nani, anaishi na nani, jina la kitambulisho ni lipi, kwa kuwa aya ya 12 ya Al-Hujurat inakataza kupelelezana na inatuhusu sisi kwa sisi kabla ya kuwahusu wengine. Mgeni anaweza kuwa nasi mwaka mzima tukamjua kwa utandikaji wake wa mikeka tu. Wengine huona huu ni usiri uliopita kiasi. Nawajibu kwamba siri ya mtu ni amana, na katika nchi ambamo sheria inaweza kumfunga au kumuua, kuivujisha ni kushiriki katika damu yake. Anayetaka kujitokeza hadharani atajitokeza mwenyewe, kwa wakati wake, na hatutamsukuma ili jamaa ipate sifa ya ujasiri.

Lipo jambo moja ambalo bado hatujapatana, nalo ni ndoa. Wawili katika jamaa yetu, wanawake wote, wameomba wafungishwe nikahi mbele yetu. Wapo wanaosema tumeshirikiana nao katika kila kitu, iweje tuwakimbie siku ya furaha yao. Wapo wanaosema nikahi ina nguzo zake na hatuna elimu ya kutosha kuzigusa. Tuwafanyie dua na karamu, tushuhudie ahadi yao, tuishie hapo. Mpwa wangu yuko upande wa kwanza. Mimi sijapata utulivu wa moyo upande wowote, na nimemwambia hivyo usoni, naye akaniambia, “Mama mkubwa, endelea kusoma, mimi nasubiri.” Vikao viwili vimekwisha bila uamuzi. Cha tatu kitakuwa baada ya Ramadhani, na zamu ya kukiongoza imemwangukia mmoja wa hao wawili. Kuna waliopendekeza tumruke kwa sababu jambo linamhusu. Tulipiga kura, na hakurukwa.